Dresa Aliyenipimia Uji kwa Kijiko

Mtu aliyeniponya ugonjwa wa kukataa chakula alianza kwa kuninyima chakula. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikilisimulia watu hudhani nimechanganya mambo, na mimi sipendi kukatizwa. Alikuwa dresa katika hospitali moja ya Thika, miaka ile ya hamsini ambapo mtu hakutoka kijijini kwenda mjini bila pasi yenye mhuri. Kazi ya dresa ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bandeji na kugawa vidonge. Huyu wetu alikuwa amejiongezea kazi nyingine zote za wodi isipokuwa upasuaji, na hata huo nadhani alikuwa anangoja tu aombwe.

Jina lake nalijua lakini silitumii, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Daktari alimwita Dresa. Wagonjwa walimwita Dresa. Siku moja mkewe alikuja kumletea ufunguo wa nyumba aliousahau, akasimama mlangoni pa wodi akaita "Dresa!", basi tukaridhika kwamba hana jingine.

Alikuwa mtu wa magharibi, mmoja wa wale waliokuja Thika kutafuta kazi za mkonge na viwanda wakabaki. Mfupi, mpana, kaptura ya kaki iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe, na soksi ndefu ambazo moja ilishuka siku zote. Aliivuta kila baada ya hatua chache, na wagonjwa wa muda mrefu walikuwa wakibishana ataivuta akifika kitanda gani. Kila mwanamke kwake alikuwa "mama", hata mimi wa miaka kumi na minne, na kila mwanamume alikuwa "bwana mkubwa", hata yule mlevi aliyeletwa kwa mkokoteni akiwa amelala juu ya kabichi.

Sasa, mimi. Sina maelezo mazuri ya jinsi nilivyoanza. Nilikuwa shule ya bweni ya wasichana. Baba alikuwa kizuizini na hatukujua ni wapi. Mama alikuwa katika kijiji kipya ambako serikali iliwahamishia watu, na barua zake ziliandikwa na mkono wa mtu mwingine. Mbele yangu kulikuwa na mtihani wa kwenda sekondari, na mwili wangu nao ulikuwa umeanza kuwa wa mwanamke bila kuniuliza. Katika hayo yote hakuna hata moja nililoweza kulizuia. Sahani niliiweza. Nilianza kwa kuacha nusu, nikajiona msafi, nikaacha na nusu ya pili. Wenzangu walifurahi kwa sababu waligawana. Kufikia wakati mwalimu mkuu anashtuka, nilikuwa naanguka kwenye paredi.

Watu hudhani mtu wa namna hiyo hana njaa. Njaa nilikuwa nayo, tena ya kuota ugali usingizini. Lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko njaa. Chakula kikikaribia, moyo ulinidunda hadi masikioni, mikono ikawa baridi, nikaamini kabisa kwamba nikimeza tu nitaharibika na sitatengenezeka tena. Sikumwambia mtu, maana ningeanzia wapi? Wakati huo watu walikuwa wakiogopa mambo makubwa sana, na mimi naogopa maharagwe.

Daktari alikuwa kijana wa Kizungu mwenye adabu. Alifungua kitabu kinene, akasoma, akasema ugonjwa unaofanana na wangu umo kitabuni, lakini ni wa mabinti wa matajiri huko Ulaya, kwa hiyo mimi hauwezi kunipata. Akaandika minyoo. Dresa alikuwa amesimama nyuma yake na trei. Daktari alipokwenda zake, Dresa aliinama karibu na sikio langu.

"Mimi nimeona minyoo miaka mingi, mama," alisema. "Hakuna mnyoo anaogopa uji."

Nilicheka. Lilikuwa jambo dogo, lakini mbavu ziliniuma siku nzima kwa kukosa mazoezi.

Jumapili ya kwanza jamaa zangu wakaja. Tata, yaani shangazi yangu, alikuwa akiishi Kamenu, mtaa wa hapo hapo Thika, kwa hiyo yeye hakuhitaji safari. Cucu, nyanya yangu, alitembea kutoka kijijini Theta na pasi yake ameifunga kwenye pindo la nguo. Mama alinyimwa pasi juma lile. Kwetu mtu akikonda hatuulizi maswali, tunapika. Walileta irio ya viazi na mahindi ya kuponda, ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, kibuyu cha uji mchachu, na chungu cha njahi kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Dresa aliwasimamisha mlangoni.

"Hiyo chakula haiwezi kuingia kwa mtoto," alisema.

"Haiya!" Tata akaweka mikono kiunoni. "Hii ni hospitali gani inanyima mtoto chakula? Si amekuja hapa kwa sababu hakuli?"

"Atakula. Leo vijiko viwili."

"Vijiko viwili vya nini?"

"Vya uji. Asubuhi viwili, saa nne viwili, mchana viwili. Kesho kutwa vinne."

Cucu hakujua Kiswahili kingi, lakini namba alizijua. "Mwambie huyu mtu," alimwambia Tata kwa Kikuyu, "kwamba kuku wangu anakula zaidi ya hapo, na kuku wangu hajalazwa."

Dresa hakusonga. Aliwaeleza kwamba mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshindilia chakula ghafla, moyo unashindwa. Alisema aliona vitani, kule Burma, walipofungua kambi ya wafungwa. Wanajeshi wenye huruma waliwapa nyama ya mikebe, wakala, wakashukuru, na jioni wakafa. "Walikufa wakiwa wameshiba, mama," alimwambia Cucu, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mimi ndiye niliwafungulia mikebe."

Sasa, mfagiaji wa wodi alinihakikishia baadaye kwamba Dresa hakuwahi kuvuka bahari yoyote, kwamba vita vyote alivikalia Gilgil akilinda stoo ya mablanketi. Sikupata ukweli wake. Najua tu kwamba alichokisema mlangoni siku ile, madaktari wa leo wanakisema vilevile, tena kwa mashine na karatasi za maabara, nami nilikisikia kwanza kutoka kwa mtu aliyekuwa akivuta soksi.

Kile chakula hakikurudi Theta. Dresa alikipokea chote "kwa niaba ya mgonjwa", akakigawa kitanda kwa kitanda. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Mama mmoja wa kifua kikuu, aliyekuwa wodini tangu mwaka uliotangulia, alinenepa mpaka vifungo vya gauni vikakataa. Alikuwa akiniombea kila jioni, na kwa muda mrefu sikujua anaomba nipone au nikawie.

Lakini zile njahi zilileta balaa. Kwa asiyejua, njahi ni maharagwe meusi ambayo kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa ili apate nguvu na maziwa. Cucu alizileta kwa kuwa hakujua chakula kingine cha kurudisha nguvu kuzipita. Hakufikiria zaidi ya hapo. Wodi ndiyo iliyofikiria zaidi ya hapo. Jumatatu nilikuwa nimezaa. Jumanne mtoto alikuwa amefichwa. Jumatano katekista wa kanisa la Tata alifika na daftari lake kuniuliza jina la baba, na Alhamisi akina mama wawili wakaja na kofia ya mtoto iliyofumwa, ya manjano, kwa sababu hawakuwa na hakika kama ni wa kiume au wa kike.

Na Dresa, ambaye ndiye angezima moto huo, ndiye aliyeuchochea. Huyu mtu alikuwa akikataza umbea kwa sauti kuu, halafu yeye mwenyewe ndiye gazeti. Hakuweza kuvumilia kuonekana kwamba kuna habari asiyoijua. Walipomuuliza kama ni kweli, hakuwa amesikia lolote, basi akakunja uso na kusema, "Hiyo ni siri ya wodi." Wakaona basi imethibitishwa.

Alipogundua alichokifanya alitoka jasho. Alikuja katikati ya wodi, saa ya wageni, akapiga trei kwa mkasi mpaka kimya kikaingia.

"Sikilizeni!" alipaza sauti. "Huyu msichana hajazaa! Hana mtoto, hana bwana, hana minyoo! Ako na woga peke yake, na nyinyi mnamwongezea!"

Nilijifunika shuka hadi utosini kwa aibu. Humo ndani ya shuka nililia, na haikuwa kwa aibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuutaja ugonjwa wangu kwa jina lake. Kofia ya manjano haikurudishwa. Dresa aliivalisha birika la chai la ofisi, na chai ikakaa moto vizuri.

Baada ya hapo alianza kuuchunguza woga wangu kama anavyochunguza kidonda, na akagundua kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekiona. Kijiko kikishafika mdomoni nilitulia kidogo. Kilichokuwa kikiniua ni ile saa ya kungoja. Nje ya jiko kulikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mti, na mpishi alikigonga kwa nondo wakati wa chakula. Nikisikia mlio ule nilianza kutetemeka. Tena nilianza kutetemeka kabla haujalia, kwa kujua utalia.

Basi Dresa akaiba nondo. Aliificha chini ya godoro langu, nami sikujua nimelalia nini. Alidhani mpishi angetafuta kidogo, akate tamaa, awe anatembea wodi kwa wodi kuwaita watu kistaarabu. Mpishi alikuwa mtu wa amri. Bila nondo hakuna kengele, na bila kengele hakuna chakula, ndivyo alivyofundishwa. Siku ile saa saba ilipita, saa nane ikapita. Wagonjwa wakaanza kunung'unika, kisha kupiga vikombe. Wanaume wenye magongo walielekea jikoni kwa maandamano, na daktari aliyekuwa akipasua jipu akatoka na glavu mkononi kuuliza kama hospitali imevamiwa. Mimi, katikati ya ghasia hiyo, nilikunywa vijiko vyangu vyote, vya uji ambao Dresa aliuweka tangu asubuhi, bila moyo kudunda, kwa kuwa nilikuwa nachungulia dirishani.

"Umeona?" Dresa alisema akikusanya kikombe. "Ilikuwa lazima hospitali yote ilale njaa ndiyo wewe ukule."

Alikuwa mzee wa kanisa na mwongo wa kupigiwa mfano. Alifuga kuku ndani ya stoo ya mashuka machafu, ili nikifika daraja la mayai, mayai yawepo. Kuku akitaga hutangaza, kila mtu anajua. Sista mkuu alisimama pale mlangoni akasikiliza, akauliza sauti hiyo ni ya nini. Dresa akamjibu, bila kupepesa jicho, kwamba kuna mgonjwa wa pumu anafanya mazoezi ya kupumua. Sista akaagiza mgonjwa huyo apewe dawa. Dresa akaandika dawa hiyo kwenye chati, akaipeleka stoo, na jioni akasali sala ndefu ya toba ambayo tuliisikia sote. Kesho yake kuku alikuwa bado yupo.

Kupimwa uzani kulikuwa Jumatano, na mizani ndiyo adui niliyemchukia kuliko wote. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikiongezeka nitarudi shule, na nilitaka shule, ila kuongezeka sikutaka. Nikaona njia. Jumatano asubuhi nilikwenda bombani nikanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Dresa alinitazama nikija, nikitembea kwa uangalifu mkubwa, akaniambia nikae kwenye benchi kidogo, kuna jambo anataka kunisimulia.

Alinisimulia safari ya reli kutoka Kisumu. Stesheni moja moja. Alieleza nani alipanda, nani alishuka, ni mwanamke gani alikuwa na kuku, mto uliopitwa ulikuwa na maji mengi namna gani. Nilipishanisha miguu. Alieleza mvua. Nikaipishanisha upande mwingine. Alipofika Nakuru nilikuwa natoa machozi.

"Dresa, tafadhali nipime!"

"Haraka ya nini, mama? Bado kuna Naivasha, na huko kuna ziwa."

Nikakimbia chooni. Niliporudi alinipima, akiwa amenigeuza mgongo kwa mizani ili nisione namba, na hakusema neno juu ya maji. Aliniambia tu maneno ambayo alikuwa akiyarudia kila siku, nami nikayachoka kila siku: "Usiniambie umeshiba. Niambie umeogopa. Kushiba sina dawa yake."

Nilimkasirikia mara nyingi, mtu asidhani nilikuwa malaika. Nilimmwagia uji kwenye viatu, mara mbili kwa makusudi na mara moja kwa bahati mbaya, naye aliosha viatu akaleta uji mwingine. Nilificha viazi ndani ya foronya. Nilimwambia siku moja kwamba yeye si daktari na kwamba soksi yake inachekesha watu. Aliivuta. "Hiyo najua," alisema. "Na kiazi kilicho ndani ya mto pia najua. Kimeanza kunuka."

Kitu kilichonigeuza hasa kilitokea siku ya chanjo ya wafanyakazi. Dresa, ambaye alidunga sindano watu wazima wakalia, hakuonekana. Alitafutwa jikoni, chooni, nyuma ya gari la wagonjwa. Mimi ndiye niliyemwona, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuruhusiwa kutembea. Alikuwa amejikunja ndani ya stoo ya mashuka, na kuku amemkalia gotini.

"Usiseme, mama," alininong'oneza. Uso ulikuwa wa kijivu.

"Dresa! Unaogopa sindano?"

"Sana. Sana kabisa."

Sista alifika kabla sijamaliza kushangaa, na kwa bahati kuku alikuwa na akili ya kunyamaza chini ya mashuka. Alimtoa Dresa, akamkalisha kwenye kiti. Dresa alinyoosha mkono wa pili kwangu, akanishika vidole mpaka vikauma. "Ongea," alisema. "Ongea chochote." Sikuwa na lolote kichwani isipokuwa mtihani, basi nikaanza kumtajia mito ya Kenya kama tulivyoikariri: Tana, Athi, Nzoia, Yala, Nyando. Tulipofika Mara sindano ilikuwa imetoka.

Alikaa akipumua. Kisha akaniangalia kwa uso ambao haukuwa na utani hata kidogo. "Umeona, mama? Woga haukutoka. Mimi nilingoja utoke, tangu asubuhi nangoja ndani ya mashuka. Haukutoka. Sindano imeingia na woga ukiwa hapo hapo."

Mchana ule nilikula sahani yangu huku nataja mito. Ilipokwisha nikataja milima, na milima ilipokwisha nikaanza wilaya. Nilikuwa natetemeka kama kawaida. Nilikuwa nimekaa miezi nikingoja siku nitakayoamka bila woga ndipo nile, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku hiyo si lazima ije kwanza.

Nilitoka hospitali majuma matatu kabla ya mtihani. Daktari alitaka nikae zaidi. Mimi nililia, nikamwomba Dresa anisemee, naye akanisemea, akaweka sahihi yake pale chini. Sharti lake lilikuwa moja: kila Jumatano nije nipimwe. Niliahidi mbele ya Tata na mbele ya Cucu, ambaye siku hiyo alimpa Dresa mkono na kumwambia kwa Kiswahili, neno moja moja, "Wewe. Mtu. Mzuri." Dresa alivuta soksi zote mbili.

Sikwenda hata Jumatano moja. Nilikuwa na sababu nzuri, na watu walizikubali: pasi, mtihani, kisha nafasi ya sekondari mbali, kisha chuo cha ualimu. Zote ni kweli. Lakini Jumatano ya kwanza nilikuwa kwa Tata pale Kamenu, mwendo mfupi tu kutoka hospitali, nimevaa, nimeshika mlango, na sikutoka kwa sababu niliiogopa ile mizani. Hayo sikumwambia mtu.

Mwaka wa sitini na moja nilipata kazi ya kufundisha karibu na Ruiru, watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya kahawa. Nilikuwa mwalimu mzuri, mkali kidogo. Nilikuwa nakula. Kisha tukaambiwa mkaguzi wa shule anakuja Jumatatu kukagua darasa langu, na bila hata kuamua nikajikuta nimeacha chakula cha jioni Jumatano. Alhamisi nikala kipande cha mkate. Ijumaa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Jumamosi nilishuka Ruiru kununua karatasi za kubandika ukutani darasani nikiwa mwepesi, msafi, na mwenye kiburi kile kile cha zamani, nikijiambia ni ya siku chache tu.

Alikuwa amekaa kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, benchi la nje. Amezeeka kidogo. Nilimjua Dresa kwa ile soksi iliyoshuka kabla sijaona uso, nikaenda nikasimama mbele yake, moyo umejaa. Hakunijua. Aliona vitabu mkononi, akasogea kunipa nafasi.

"Keti, mwalimu. Habari ya kazi?"

"Nzuri, mzee. Na yako?"

Akasema anafanya kazi ya dispensari kwenye shamba moja la kahawa, malaria na vidole vilivyokatwa. Mama mwenye hoteli alileta chai mbili za maziwa na sahani ya mandazi bila kuulizwa, kama desturi yake. Nikamuuliza kama hakuwahi kufanya kazi Thika. Nilikuwa nataka kumchezea kidogo kabla ya kujitaja.

"Thika nilitoka," alisema. "Kulikuwa na mtoto, msichana wa hawa watu wa huku. Alikuwa hawezi kula. Sisi tulimtoa mapema, mimi ndiye niliweka sahihi. Akasema atarudi Jumatano." Alizungusha kikombe. "Nilingoja Jumatano nne. Nyumba ya shangazi yake sikuijua, nikaomba ruhusa, nikaendesha baiskeli mpaka kwa kijiji chao. Askari wa geti alikuwa hataki hata kusimama. Nikamuuliza, akasema, 'Huyo mwembamba? Alikufa. Rudi.' Basi nikarudi."

Ninawajua askari wa geti la kijiji kile. Yule angesema mtu yeyote amekufa ili asiinuke kwenye kivuli. Na huyu mzee alikuwa amelibeba kaburi langu miaka sita, kwa sababu mimi niliogopa kupanda mizani.

"Dresa," nilimwambia. "Hakufa. Ni mimi."

Alinitazama na uso ukakasirika. "Mwalimu, hapana. Kitu kama hicho si cha mchezo."

"Ni mimi, haki ya Mungu! Sikuja Jumatano kwa sababu niliogopa. Nilikuwa Kamenu tu. Nisamehe."

"Yule alikuwa mdogo hivi." Alinyoosha kidole chake cha mwisho. "Wewe ni mwanamke mzima. Watu wanasikia habari, wanakuja kusema ni wao."

Nilifungua mdomo nimtajie mambo ya wodi, na machozi yakanitangulia. Alipoona nalia alifanya kile ambacho mikono yake imezoea: alinishika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, akatulia, akihesabu. Mama mwenye hoteli alikuwa akisogeza mandazi karibu yangu. Dresa aliangalia mandazi. Aliniangalia mimi. Vidole vikabaki pale pale.

"Umekula lini?" aliuliza polepole.

Ningeweza kumdanganya. "Alhamisi. Mkate kidogo."

"Kwa sababu ya nini?"

"Mkaguzi anakuja Jumatatu."

Aliuachia mkono wangu. "Ni wewe," alisema. Kisha akapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika. "Mjinga wewe, ni wewe! Ni wewe kabisa! Bado ako mgonjwa! Bwana asifiwe!" Akainuka, akaketi, akainuka tena, akalia waziwazi mbele ya watu wa stesheni, na abiria waliokuwa wakingoja treni wakageuka kutuangalia, wakaamua, nadhani, kwamba nimekataa posa ya mzee.

Nilichukua andazi moja. Mikono ilikuwa baridi, moyo ukinidunda, na kila kipande kilinichukua muda. Hakunihimiza. Alikaa akijifuta uso kwa kofia yake mpaka nikamaliza lote na kulamba mafuta kidoleni. Ndipo akamwita yule mama mwenye hoteli, kwa sauti ambayo naamini ilifika hadi Thika.

"Mama, mwongezee huyu chai," alisema. "Alikuwa amekufa."